Maswali ya Wasomaji: Mstari Kwanza, Asilimia Baadaye

Katika toleo lililopita niliandika kwa ufupi juu ya mkataba wa mpaka wa baharini uliotiwa saini kati ya Timor-Leste, nchi ndogo ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na Australia mwaka 2018, nikasema kwamba majadiliano yale yanastahili kusomwa na kila nchi ndogo yenye mafuta au gesi chini ya bahari yake. Barua zilizofika baada ya hapo ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na baadhi yake ni kali. Nimechagua saba na kuzifupisha bila kubadilisha maana yake.

Ndugu Mwandishi, wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nchi yenye watu milioni moja na ushei inawezaje kuketi meza moja na Australia, tena kwa jambo la mabilioni ya dola, isiambulie makombo?

Makombo iliyaambulia kwanza, ndugu yangu, tena zaidi ya mara moja, na ndiyo maana nasema kisa hiki kisomwe tangu mwanzo wake.

Mwaka 1972 Australia na Indonesia zilikubaliana mpaka wa sakafu ya bahari baina yao. Hoja ya Australia ilikuwa kwamba ardhi ya bara lake inaendelea chini ya maji mpaka kwenye bonde refu lililo karibu na kisiwa cha Timor, ambalo kina chake kinapita mita 3,000, na kwamba mpaka ulistahili kulifuata bonde hilo badala ya kupita katikati ya bahari. Indonesia ilikubali mpaka uliopita karibu zaidi na pwani yake kuliko na ya Australia. Ureno, iliyokuwa ikitawala upande wa mashariki wa kisiwa, haikushiriki, kwa hiyo mstari ulikatika mbele ya pwani ya Timor ya Mashariki, ambayo leo ndiyo Timor-Leste, na kuacha pengo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, iligunduliwa gesi katika eneo ambalo leo huitwa Greater Sunrise, lililo kiasi cha kilomita 150 kutoka Timor-Leste na kilomita 450 kutoka Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia. Desemba 1975 majeshi ya Indonesia yakaivamia Timor ya Mashariki. Australia ikautambua utawala huo, na tarehe 11 Desemba 1989 mawaziri wa mambo ya nje wa nchi mbili hizo, Gareth Evans na Ali Alatas, wakatia saini mkataba wa kugawana mafuta ya lile pengo wakiwa ndani ya ndege iliyokuwa ikiruka juu ya bahari yenyewe, kisha wakagonganisha glasi za shampeni. Watu ambao pwani yao ndiyo iliyokuwa ikigawanywa hawakuwamo katika ndege ile.

Baada ya kura ya maoni ya tarehe 30 Agosti 1999, ambapo asilimia 78.5 ya wapiga kura walichagua kujitenga na Indonesia, nchi ilipata uhuru tarehe 20 Mei 2002. Siku hiyohiyo ya uhuru serikali mpya ilitia saini mkataba mwingine na Australia. Mkataba huo uliipa Timor-Leste asilimia 90 ya mapato ya eneo la pamoja, na aliyesoma vichwa vya habari peke yake alidhani nchi changa imepewa zawadi kubwa. Lakini naomba tuhesabu pamoja. Ni asilimia 20.1 tu ya Greater Sunrise iliyohesabiwa kuwa ndani ya eneo la pamoja, na asilimia 79.9 ilihesabiwa kuwa ya Australia peke yake. Asilimia 90 ya hiyo 20.1 ni kiasi cha asilimia 18 ya hazina yote, ilhali hazina hiyo iko karibu na pwani ya Timor-Leste mara tatu kuliko ilivyo karibu na Darwin. Asilimia ilikuwa nono, lakini nyembamba ilikuwa sahani yenyewe, na sahani hukatwa na mstari.

Kwa nini basi walisaini? Kwa sababu nchi ilikuwa imechomwa moto, bajeti yake ilitegemea wafadhili, na uwanja mwingine wa gesi, Bayu-Undan, usingeanza kutoa mapato bila mkataba. Siwalaumu. Waliweka, kwa busara kubwa, kifungu kinachosema kwamba makubaliano hayo ni ya muda na hayapunguzi haki ya upande wowote kudai mpaka wa kudumu. Sentensi ile moja iliwaachia mlango wa kurudi, na tutaona jinsi mlango huo ulivyokaribia kufungwa miaka minne baadaye.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Ikiwa haki ilikuwa upande wao, kwa nini hawakwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki siku ya pili tu baada ya uhuru?

Marahaba, mwanangu. Mahakama hiyo haimwiti mtu shaurini kama mahakama ya nchi inavyoweza kufanya. Inahitaji ridhaa ya pande zote mbili. Tarehe 22 Machi 2002, miezi miwili kasoro siku mbili kabla ya Timor-Leste kupata uhuru, Australia ilitangaza kwamba haikubali tena mashauri ya mipaka ya baharini kupelekwa kwenye Mahakama hiyo wala kwenye mabaraza ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Sheria iliiruhusu kufanya hivyo. Lakini angalia tarehe zile mbili, nawe utaelewa kwa nini watu wa Dili, mji mkuu wa Timor-Leste, waliona kwamba mlango umefungwa mgeni akiwa tayari yuko uani.

Ureno ilikuwa imejaribu kabla yao. Iliishtaki Australia kwa ajili ya mkataba wa 1989, na mwaka 1995 Mahakama ikasema kwamba watu wa Timor ya Mashariki wanayo haki ya kujiamulia mambo yao, haki ambayo mataifa yote yana wajibu wa kuiheshimu, lakini kwamba haiwezi kuhukumu, kwa kuwa ingelazimika kuamua juu ya vitendo vya Indonesia, ambayo haikuwa imeridhia kufika mbele yake. Haki ilitamkwa, ila haikupata mtekelezaji.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wewe, kama mwanafunzi wa sheria, unapaswa kulijua kwa moyo. Kifungu cha 298 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari, kilekile kinachoiruhusu nchi kukataa mahakama katika masuala ya mipaka, kinaiwekea sharti: kwa mgogoro uliozuka baada ya Mkataba kuanza kutumika, ukikataa hakimu, huna ruhusa ya kumkataa mpatanishi. Upande mmoja ukiomba, tume ya upatanishi huundwa hata kama mwenzake hataki, na tume hiyo huandika taarifa. Taarifa hailazimishi kama hukumu. Hata hivyo pande zote mbili hutakiwa kujadiliana kwa kuifuata, na si rahisi kwa serikali inayojali jina lake kuitupa kapuni taarifa ya wataalamu watano.

Timor-Leste ilijiunga na Mkataba huo Januari 2013. Tarehe 11 Aprili 2016 ikafungua upatanishi wa lazima, wa kwanza katika historia ya Mkataba. Tume iliongozwa na Mdenmark Peter Taksøe-Jensen, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Abdul Koroma wa Sierra Leone, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Australia ilipinga mamlaka ya tume, na Septemba 2016 tume ikaukataa upinzani huo. Kuanzia hapo mambo yakaenda kwa kasi ambayo miaka 14 ya mazungumzo ya kawaida haikuwahi kuifikia: Januari 2017 Timor-Leste ilitoa taarifa ya kuuvunja mkataba wa 2006, ule ulioahirisha suala la mpaka na ambao nitauelezea mbele, na tarehe 6 Machi 2018 mkataba wa mpaka ukasainiwa New York, katika Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa.

Nadhani kuna jambo jingine lililosaidia, ingawa haliandikwi kwenye mikataba. Julai 2016 baraza la waamuzi lilitoa uamuzi wake juu ya shauri la Ufilipino dhidi ya China katika Bahari ya China Kusini, na Australia ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoihimiza China kuuheshimu. Serikali inayomtaka jirani yake mkubwa afuate Sheria ya Bahari hupata shida kueleza kwa nini yenyewe isiifuate mbele ya jirani yake mdogo. Mjumbe wa nchi dhaifu na ajue si sheria peke yake, bali pia mahali ambapo mwenye nguvu anaihitaji sheria hiyohiyo kwa faida yake.

Mimi ni mpima ardhi. Nchi kavu tunaweka mawe ya mpaka. Baharini mstari huchorwa kwa kanuni gani, na je, umbo la sakafu ya bahari lina uzito wowote?

Lilikuwa na uzito mkubwa zamani. Mwaka 1969, katika mashauri ya Bahari ya Kaskazini, Mahakama iliizungumzia sakafu ya bahari kuwa ni mwendelezo wa asili wa nchi kavu, na hoja ya Australia ya 1972 ilisimama juu ya fikra hiyo. Lakini Mkataba wa 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki ya hadi maili 200 za baharini, yaani kiasi cha kilomita 370, kwa kigezo cha umbali, bila kujali sakafu ina mabonde au haina. Na mwaka 1985, katika shauri la Libya na Malta, Mahakama ilisema wazi kwamba pale ambapo pwani mbili zinazotazamana hazifiki maili 400 baina yao, jiolojia haina nafasi katika kuchora mpaka. Timor na Australia haziachani kwa maili 400. Kwa maneno mengine, hoja ya bonde ilikuwa imekwisha kudhoofika mahakamani miaka 17 kabla ya Timor-Leste kupata uhuru, na hilo linaeleza kwa kiasi fulani kwa nini mahakama zilikwepwa.

Siku hizi kazi hufanywa kwa hatua tatu, kama Mahakama ilivyozieleza mwaka 2009 katika shauri la Romania na Ukraine: huchorwa kwanza mstari wa muda ambao kila nukta yake ina umbali sawa na pwani zote mbili, kisha hutazamwa kama kuna jambo mahsusi, kwa mfano kisiwa kidogo au pwani iliyobonyea, linalodai mstari usogezwe, mwisho hupimwa kama eneo lililopatikana limepishana mno na urefu wa pwani.

Kwa kuwa wewe ni mpima, nikuonyeshe sehemu ambayo magazeti mengi yaliiruka. Watu walizungumza sana juu ya mstari wa kati, lakini mstari wa kati peke yake usingeiletea Timor-Leste sehemu kubwa ya Greater Sunrise. Hazina hiyo iko kwenye pembe ya mashariki, na aliyeishika pembe hiyo ni mstari wa ubavuni, ule unaoshuka kutoka pwani kuelekea kusini. Karibu na ncha ya mashariki ya Timor kuna kisiwa kidogo cha Indonesia kiitwacho Leti. Ukikipa kisiwa hicho uzito kamili, mstari wa ubavuni unasogea magharibi na hazina inatoka nje. Ukikipunguzia uzito, mstari unasogea mashariki na hazina inaingia. Mabilioni ya dola yalikaa juu ya swali la kisiwa ambacho kwenye ramani ya kawaida ni nukta tu. Mkataba wa 2018 uliusogeza mstari huo mashariki, ukaipitisha mipaka juu ya Greater Sunrise yenyewe, na kuweka utaratibu maalumu wa kuisimamia hazina kwa pamoja. Tena baadhi ya vipande vya ubavuni vimeachwa vikiwa vya muda, visubiri Timor-Leste ikubaliane mpaka wake na Indonesia.

Kwa nini nchi zisikubaliane tu kugawana nusu kwa nusu, zikaacha habari ya mpaka? Mpaka huleta ugomvi, fedha huleta amani.

Fikra hiyo ni nzuri na imewahi kufanya kazi. Mkataba wa Sheria ya Bahari wenyewe unazitaka nchi zifanye mipango ya muda wakati mpaka haujapatikana. Malaysia na Thailand zilikubaliana mwaka 1979 kugawana sawa eneo waliloligombea. Nigeria na São Tomé na Príncipe zilisaini mkataba wa eneo la pamoja mwaka 2001 kwa mgawo wa 60 kwa 40, mgawo ambao nchi ndogo ya visiwa ingeweza kuuita ushindi mbele ya jirani mwenye watu zaidi ya milioni 100, ingawa visima vilivyochimbwa humo havikuleta utajiri uliotarajiwa.

Lakini nusu kwa nusu ya kitu gani? Na kwa muda gani? Tarehe 12 Januari 2006 Timor-Leste ilikubali mkataba uliompa kila mmoja nusu ya mapato ya Greater Sunrise. Ukilinganisha na ile asilimia 18, nusu ni mara mbili na zaidi, na wajumbe walioipata hawakuwa wajinga. Bei yake ilikuwa kwamba pande zote mbili zisidai mpaka kwa miaka 50, wala kulipeleka suala hilo mbele ya mahakama au baraza lolote. Uwanja wa gesi hauishi miaka 50 ukitolewa. Yaani haki ya kuuliza mpaka uko wapi ingerudi mikononi mwa Timor-Leste wakati chini ya bahari hamna kitu. Kilichoiokoa ni kifungu kingine kilichoruhusu upande wowote kuuvunja mkataba huo ikiwa mpango wa kuendeleza Sunrise haungeidhinishwa ndani ya miaka sita. Mpango haukuidhinishwa, kwa sababu pande hazikuafikiana bomba liende wapi, na mlango wa kutokea ukabaki wazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sipingi eneo la pamoja. Naomba tu kwamba kabla ya kutazama mgawo, mjumbe aulize eneo hilo limekatwaje, sheria ya kodi ya nani inatumika humo, bomba linatua pwani ya nani, na nchi yake itatokaje humo hali ikibadilika. Mgawo hujibu swali moja, nalo si la kwanza.

Nimesoma kwamba kulikuwa na upelelezi. Je, ni kweli, na ulileta tofauti gani?

Timor-Leste ilidai kwamba mwaka 2004, wakati wa mazungumzo yaliyozaa mkataba wa 2006, wapelelezi wa Australia walitega vinasa sauti katika ofisi za baraza la mawaziri mjini Dili, kwa kisingizio cha ukarabati wa majengo uliotolewa kama msaada. Mwaka 2013 ilifungua shauri mbele ya baraza la waamuzi ili mkataba ule utanguliwe kwa kuwa haukujadiliwa kwa nia njema. Desemba mwaka huohuo maofisa wa Australia waliingia katika ofisi ya wakili wa Timor-Leste mjini Canberra na kuchukua nyaraka. Timor-Leste ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 3 Machi 2014 Mahakama ikaiamuru Australia kuzifunga nyaraka hizo kwa lakiri na isiingilie kwa namna yoyote mawasiliano baina ya Timor-Leste na washauri wake wa kisheria. Baadaye nyaraka zilirudishwa na shauri likaondolewa. Ofisa wa zamani wa upelelezi aliyehusishwa na kufichua habari hizo, anayejulikana kwa jina la Shahidi K tu, alipewa mwaka 2021 kifungo cha miezi mitatu kilichoahirishwa, na mwaka 2022 mashtaka dhidi ya wakili yakafutwa.

Unauliza tofauti yake. Katika majadiliano yoyote kila upande unacho kiwango cha chini ambacho ukishukia hapo unaondoka mezani. Mwenye kukijua kiwango cha mwenzake hatatoa hata senti moja juu yake. Ndiyo maana jambo hili limenichoma tangu nilipolisoma mara ya kwanza, zaidi ya hesabu zote za asilimia: nchi iliyotoka vitani, inayopokea mafundi wa msaada kwa shukrani, na ndani ya kuta zinazokarabatiwa, kama madai hayo yalivyo, kuna sikio.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba vinasa sauti ndivyo tatizo kuu. Pengo la kawaida zaidi ni la takwimu. Kampuni zinazopima sakafu ya bahari kwa mitetemo ndizo zinazojua kuna kiasi gani cha gesi, kinatoka kwa gharama gani, na bomba linawezekana wapi, na mara nyingi nchi changa huenda mezani ikiwa imesoma muhtasari ulioandikwa na upande wa pili. Mjiolojia mmoja wa serikali mwenye uwezo wa kuzisoma takwimu ghafi, na mchumi mmoja anayeweza kujenga hesabu ya kodi na mrabaha kwa bei tano tofauti za gesi, wana thamani kuliko ujumbe wa watu 30 wenye suti. Mwenye kuwakosa awaombe kwa rafiki asiye na maslahi. Timor-Leste ilipata msaada wa Norway katika kupanga sekta yake ya mafuta.

Mbona husemi habari za Kenya na Somalia? Pale dhaifu alimshinda mwenye nguvu.

Nasema kwa ufupi, maana kesi ile ni ya mahakama zaidi kuliko ya mezani. Somalia ilifungua shauri mwaka 2014. Kenya ilidai mpaka unaofuata mstari sambamba wa latitudo, ikasema Somalia iliukubali kwa kunyamaza miaka mingi. Kenya haikushiriki vikao vya mwaka 2021, na tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama iliikataa hoja ya kunyamaza, ikachora mstari wa umbali sawa ikiusogeza kaskazini kidogo kwa faida ya Kenya. Sehemu kubwa ya eneo lililogombewa ikawa ya Somalia.

Ninachokiona hapo si ushindi wa dhaifu dhidi ya mwenye nguvu. Nchi iliyokuwa haina serikali imara kwa miongo miwili haikupoteza bahari yake kwa kukosa sauti, kwa sababu Mahakama ilidai ushahidi mzito kabla ya kusema kwamba kimya ni kibali. Tofauti na Dili, mlango wa mahakama ulikuwa wazi, kwani nchi zote mbili zilikuwa zimeridhia mamlaka yake. Lakini hukumu haisukumi bomba wala haichimbi kisima, na Kenya ilitangaza kwamba haiitambui. Majirani hao bado wana mazungumzo mbele yao.

Baada ya shangwe zote hizo, wananchi wa Timor-Leste wamepata nini? Naona unasifu ramani.

Swali lako ni la haki na nitalijibu bila kulipamba. Mkataba wa 2018 ulianza kutumika tarehe 30 Agosti 2019, miaka 20 kamili tangu kura ya maoni. Bayu-Undan yote ikahesabiwa kuwa ya Timor-Leste. Kwa Greater Sunrise, mkataba uliweka mgawo unaotegemea bomba: gesi ikipelekwa Timor-Leste, nchi hiyo inapata asilimia 70 ya mapato ya serikali mbili hizo, ikipelekwa Australia, inapata 80. Linganisha na 18 ya mwaka 2002 na 50 ya mwaka 2006. Gesi haikuongezeka hata futi moja ya ujazo, wala Timor-Leste haikupata jeshi kubwa zaidi. Uliobadilika ni mstari.

Kuhusu mapato, mwaka 2005 Timor-Leste iliunda mfuko wa mafuta uliofuata mfano wa Norway, ambamo fedha za gesi huwekezwa nje na serikali huongozwa na kiwango cha asilimia 3 cha utajiri wote wa mafuta kila mwaka kama kiasi kinachoweza kutolewa bila kuumaliza. Kiwango hicho kimevukwa mara nyingi, kwa idhini ya bunge, na sehemu kubwa ya bajeti ya nchi inatoka humo. Wakati huohuo uzalishaji wa Bayu-Undan umefikia ukingoni. Shule na zahanati zilizojengwa kwa fedha hizo zipo. Ajira za kutosha kwa vijana hazipo bado. Ndiyo sababu suala la bomba lina uzito kwao: wanataka gesi itue pwani yao ya kusini, isindikwe huko, ilete kazi. Upande wa pili wamekuwapo wanaosema kwamba kuliteremsha bomba ndani ya bonde lenye kina cha zaidi ya mita 3,000 na kulipandisha ng'ambo ni gharama kubwa, na kwamba kiwanda cha Darwin tayari kipo. Bonde lilelile lililotumiwa mwaka 1972 kama hoja ya mpaka limerudi kama hoja ya gharama.

Mwaka 2019 Timor-Leste ilinunua hisa za kampuni mbili za kigeni katika mradi huo kwa jumla ya dola milioni 650 za Marekani, ikawa na asilimia 56.56. Wapo waliouona ununuzi huo kuwa wa hatari kwa nchi yenye mahitaji mengi, nami nakiri kwamba ningetaka kuona hesabu zake zikijadiliwa hadharani zaidi. Lakini sasa hakuna mpango wa bomba unaoweza kujadiliwa bila Timor-Leste kuwa mezani. Hazina inayokadiriwa kuwa na futi za ujazo trilioni 5.1 za gesi na mapipa milioni 226 ya mafuta mepesi iligunduliwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na mpaka ninapoandika ukurasa huu gesi yake bado iko chini ya bahari.